Mtoto kifua hakiishi, vinasaba vipimwe au visipimwe?

Hapa Ngamiani, Tanga, kuna mama jirani yangu, mwanawe ana miaka minne na tangu azaliwe kifua hakijatulia, makohozi mazito, nimonia juu ya nimonia, dozi ya TB kapewa mara mbili na vimelea havijawahi kuonekana. Bibi yake ndo alosema jambo ambalo halijaandikwa popote kwenye kadi: huyu mtoto ukimbusu kwenye paji la uso unaonja chumvi, kama katoka kuoga baharini Raskazone sa hivi. Choo chake nacho kina mafuta, kinaelea. Sasa daktari kawaambia wafikirie kipimo cha vinasaba, na nyumba imegawanyika.

Chumvi, choo cha mafuta na kifua kisichopona vikikutana, mtu lazima awaze sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu na usagaji wa chakula. Kuna jeni, yaani kinasaba kimoja, inaitwa CFTR, iligunduliwa 1989, kazi yake kusimamia chumvi na maji kwenye seli, ikiwa na kasoro ute unakuwa mzito kama gundi na vijidudu vinajificha humo. Mtoto anaumwa akirithi kasoro kwa baba na kwa mama pia, na wao wenyewe wazima kabisa. Na sisi watu wa pwani tunaoana mabinamu, waliochangia babu wanaweza kubeba kasoro ile ile bila kujua.

Mama anataka kipimo na namwelewa, maana miezi sita ya dawa za TB kwa ugonjwa ambao sio TB inauma jamani. Wengine wanasema ya nini kujua wakati dawa ya ugonjwa huu kama Trikafta, iliyopitishwa Marekani 2019, kule bei yake inapita dola 300,000 kwa mwaka. Hapo sikubaliani nao. Mtoto akijulikana anapewa vimeng'enya vya kumeza na chakula, chumvi ya ziada kwenye joto kama hili letu, anagongwagongwa kifua makohozi yatoke, antibayotiki zinaanza mapema.

Babu yeye kakataa kabisa. Ukimtajia DNA anawaza Mkemia Mkuu na kesi za mtoto wa nani, na hofu yake ina msingi, ukipima baba na mama siri inaweza kutoka ambayo hakuna alieiulizia. Alafu mashangazi washaanza kusema ugonjwa umetoka kwa mama, wakati hauji bila pande zote mbili.

Ila linalonisumbua zaidi ni hili, kasoro za CFTR zinazojulikana zinapita 2,000, na vipimo vingi vya orodha fupi, vinavyoangalia kasoro chache tu, vimetengenezwa kutafuta zile za Wazungu, hasa F508del, wakati kwa Waafrika kuna nyingine kama 3120+1G>A, kwa hiyo majibu ya "hakuna kitu" yanaweza kumrudisha mtoto kwenye dozi ya tatu ya TB.

Mimi ningeanza na jasho. Anapakwa dawa mkononi, umeme kidogo sana unapitishwa, jasho linakusanywa kama nusu saa linapimwa kloraidi, sehemu ya chumvi, ikifika 60 mmol/L na zaidi ugonjwa unaelekea kuwepo. Jasho halihusishi baba wala ukoo. Likionyesha, ndo vinasaba vifuate, jeni yote isomwe sio orodha fupi, na baba na mama wakalishwe pamoja waelezwe kabla damu haijatolewa. Ila kwanza kabisa, yale maneno ya bibi yaandikwe kwenye kadi.