Onyo kwenye jalada la kale: liwekwe wapi, liseme nini

Mwaka 2021 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani iliweka tahadhari ya lugha inayoudhi kwenye katalogi yake ya mtandaoni. Ikaonekana hata juu ya Katiba yao, na ubishi ukawaka. Wahusika walijibu kwamba tahadhari ni ya katalogi nzima, hailengi Katiba. Ni kweli, na kasoro iko hapo hapo: onyo lililo kila mahali halimwambii msomaji lolote kuhusu jalada aliloshika.

Mwanza ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa enzi za Mwingereza. Anayefuatilia mpaka wa shamba au ukoo wa mtemi katika majalada ya wakati ule atakutana na neno "native" tena na tena. Linaudhi, lakini lilikuwa neno la kisheria, limo hata katika jina la sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926. Tukiliwekea onyo, tutayaonya majalada yote.

Ripoti za malale ni jambo jingine. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza malale, alifika Mwanza mwaka 1906 kabla ya kuhamia visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, na dozi kubwa za atoksili, dawa yenye arseniki, zikawapofusha wagonjwa wake kadhaa. Mjukuu wa mgonjwa ana haki ya kujua anachokwenda kusoma.

Onyo lisibandikwe. Gundi ya stika huacha doa la kahawia, na ukiibandua huondoka na wino. Selotepu ni mbaya zaidi. Weka kipande cha karatasi isiyo na asidi ndani ya jalada, kiandikwe kwa penseli: namba ya jalada, kurasa, kilichomo, tarehe, cheo cha mwandishi. "Kurasa 14 hadi 19: majaribio ya dawa kwa wagonjwa" linatosha. "Lugha inayoudhi" halisaidii kitu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusafisha kichwa cha jalada. Ukifuta neno la zamani, mwenye rejea ya tasnifu ya miaka ya 1970 hapati tena jalada hilo. Kichwa kibaki na alama za kunukuu, neno la leo liingie kwenye sehemu yake ya katalogi, utafutaji ukubali yote mawili.

Wanaopinga wana hofu moja ya haki: onyo kugeuka kufuli. Sheria ya Tanzania ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 inafungua nyaraka za umma baada ya miaka 30. Kikaratasi kikianza kusema "omba kibali kwanza", kimevuka mpaka wake. Kurasa zenye majina ya wagonjwa zinahitaji uamuzi mwingine kabisa, wa nani azione na hadi lini, nao usifichwe ndani ya onyo.