Kidenenda wa Hunter: Masikio Kwanza, Picha Baadaye

Picha moja ya simu haitoshi kumtambua kidenenda wa Hunter, ndege mdogo wa vichaka vya milimani. Videnenda karibu wote ni wadogo na wa kahawia, na mwanga mkali wa mlimani huufifisha utosi wa rangi ya kutu ukaonekana kijivu. Anayetaja jina kwa kutazama picha hiyo tu anabahatisha.

Anza na sauti. Fika kichakani mapema asubuhi, usimame kimya dakika 10. Katika vichaka vya juu vya Mlima Elgon na Cherangani, kidenenda wa Hunter (kisayansi Cisticola hunteri) haimbi kwa upweke. Wawili, mara nyingine watatu, hupanda ncha ya kichaka kimoja: huyu anatoa mlio mkavu wa kukereza, yule anachomeka miluzi katikati, na wanapokezana upesi hivi kwamba utadhani ni ndege mmoja. Warekodi kwa simu ukiukinga upepo kwa mwili wako, la sivyo utapata mvumo mtupu.

Wengi hujikwaa hapa: kidenenda wa Chubb naye huimba na mwenzake. Yumo kwenye Mlima Elgon huohuo, ila kwa kawaida chini zaidi, pembezoni mwa msitu, na hata Kakamega yupo. Kwa hiyo andika mwinuko ulipo, kisha chukua darubini (8x42 inatosha), jua likiwa mgongoni mwako, umtazame ndege kati ya mabega. Chubb ana mgongo usio na mchirizi wowote na utosi wa kutu iliyokolea. Hunter ana michirizi ya giza iliyofifia mgongoni, na kwa jumla ni mweusimweusi kuliko mwenzake. Umande nao hudanganya: manyoya yakilowa hushikana, na mgongo mtupu ukaonekana una michirizi. Subiri akauke.

Napinga kabisa kuwachezea rekodi ili wajitokeze. Wanadhani mgeni amevamia eneo lao, wanaacha kula na kulisha makinda ili wapambane na simu yako.

Orodha za Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, hukusanywa kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, kwa hiyo Hunter mmoja wa kubahatisha huingia kwenye ramani kana kwamba yupo kweli. Kama hukumsikia wala hukuuona mgongo wake mkavu, usimwandike.