Selimundu: hela iende kwenye molekuli au kwenye kidonge?

Toka Uingereza ipitishe Casgevy Novemba 2023 na Marekani ikafuata Desemba hiyo hiyo, mjadala wa selimundu (siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi) umegawanyika pande mbili na kila upande una uchungu wake. Casgevy ni tiba ya kuhariri vinasaba, bei yake kule Marekani ni dola milioni 2.2, ukipiga kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 5, na hiyo ni mgonjwa mmoja tu. Tanzania inakadiriwa wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu, ndo maana huwa tunatajwa nafasi ya nne duniani nyuma ya Nigeria, India na Kongo. Kwa hiyo kuna wanaosema utafiti wa mambo ya ndani ya seli umeshatuacha, ni wa matajiri, hela kidogo tuliyonayo iende kwenye kupima vichanga, foliki, penisilini na haidroksiyurea, kidonge kinachopunguza mashambulio ya maumivu. Wengine wanasema hapana, ukifunga maabara leo utakuwa mnunuzi milele. Mimi naona pande zote zinabishana kuhusu hela bila kuangalia hiyo molekuli yenyewe imetufundisha nini mpaka sasa, na ilijifunziwa kwa mwili wa nani, kwa hiyo naomba nianzie huko.

Himoglobini ni protini ya kubeba oksijeni, chembe nyekundu moja ina molekuli zake kama milioni 270. Kila molekuli ina minyororo minne, miwili alfa miwili beta. Kwenye selimundu ni herufi moja tu ya DNA kwenye jeni la beta ndo imebadilika, palipokuwa na A pana T, basi asidi amino ya sita kwenye mnyororo inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Glutamiki inapatana na maji, valini inayakimbia. Sasa himoglobini ikishaachia oksijeni inabadilika umbo kidogo, na hapo kwenye molekuli ya jirani panafunguka kishimo ambacho ile valini inaingia na kunasa, jirani naye ananasa kwa mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazokunja chembe nzima. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya mgonjwa ni tofauti na ya mtu mzima wa afya, wakauita ugonjwa wa molekuli, na Vernon Ingram pale Cambridge mwaka 1957 akaonyesha kwamba tofauti yenyewe ni hiyo asidi amino moja.

Kuna kitu hapa wazazi wengi hawajawahi kuelezwa. Hizo nyuzi hazioti papo hapo, zina muda wa kuchelewa, na huo muda unategemea sana himoglobini imebanana kiasi gani ndani ya chembe, ikibanana zaidi kidogo tu muda unapungua vibaya mno. Mara nyingi chembe inawahi kupita kwenye vimishipa vyembamba na kurudi kwenye mapafu kabla nyuzi hazijaota, ndo maana mgonjwa hayuko kwenye maumivu kila dakika. Lakini mwili ukikaukiwa maji chembe inasinyaa, himoglobini inabanana, nyuzi zinawahi kuota chembe ikiwa bado iko kwenye kimishipa na inaziba palepale. Kwa hiyo nesi anapomwambia mama mtoto anywe maji mengi, asipigwe baridi, homa iwahiwe, yale maneno yana hesabu nyuma yake, na hesabu hizo zilipimwa maabara miaka ya 1970 na watu waliokuwa wanaangalia himoglobini kwenye vichupa. Nalisema hili mapema kwa sababu upande wa kwanza huwa unaongea kana kwamba sayansi ya molekuli haijawahi kumfikia mtoto wa Sengerema, na hiyo siyo kweli.

Ila wana hoja nzito na lazima isikilizwe mpaka mwisho. Toka Pauling mpaka kidonge cha kwanza cha selimundu kuidhinishwa Marekani, hiyo haidroksiyurea, ni 1949 mpaka 1998. Karibu nusu karne tunajua kosa liko kwenye molekuli halafu mgonjwa anapewa dawa ya maumivu na kuongezewa damu. Af hiyo haidroksiyurea yenyewe haikuchorwa na mtu aliyekaa akatazama umbo la himoglobini, ilikuwa dawa ya saratani, ikaonekana inapandisha himoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto anakuwa nayo tumboni na inapungua miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa. Na wazo kwamba himoglobini ya kichanga inalinda lilitoka wodini, daktari wa watoto Janet Watson kule Brooklyn aliliandika mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya Pauling, baada ya kuona vichanga wenye selimundu hawana chembe nyingi zilizojikunja kama watoto wakubwa. Jaribio kubwa la haidroksiyurea kwa watu wazima lilisimamishwa mapema mwaka 1995 kwa sababu maumivu makali yalikuwa yamepungua karibu nusu, wakaona si haki kuendelea kumpa mtu kidonge kitupu kisicho na dawa. Mpaka leo wanasayansi hawajamaliza kueleza ile dawa inaamshaje himoglobini ya kichanga, na wagonjwa wamepunguziwa maumivu bila kusubiri hayo maelezo.

Na hali ya huku kwetu inaupa nguvu zaidi huo upande. Makadirio yanayotumika sana yanasema Afrika kusini mwa Sahara kati ya asilimia 50 na 90 ya watoto wenye selimundu wanakufa kabla ya miaka mitano, wengi hata hawajapimwa, nyumbani inasemwa ni malaria au ni mambo ya kishirikina. Mtoto wa namna hiyo hahitaji mkasi wa vinasaba, anahitaji tone la damu la kisiginoni siku anazaliwa na mtu wa kusoma majibu. Mtu akiniambia hela ya umma ichague leo kati ya hayo mawili sihitaji kufikiria.

Upande wa pili sasa, na hapa ndo pananivuta zaidi kwa sababu ni hadithi ambayo inatuhusu na hatuisemi.

Swali la kwa nini himoglobini ya kichanga inazimwa lilikaa miaka mingi bila jibu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliokuwa wanalinganisha vinasaba vya watu wengi, mapacha wa Ulaya, watu wa kisiwa cha Sardinia, wakakuta jeni moja kwenye kromosomu ya 2 linaitwa BCL11A, wenye toleo fulani la hilo jeni wanabaki na himoglobini nyingi ya kichanga ukubwani. Maabara ya Stuart Orkin kule Boston ikathibitisha kwamba BCL11A ndo breki, ukiilegeza seli inaanza kutengeneza himoglobini ya kichanga tena. Casgevy inafanya hicho tu, haisahihishi ile herufi iliyokosewa, inakata kipande kinachowasha BCL11A ndani ya seli shina za damu, zile seli mama zinazozaa chembe za damu, breki inalegea. Wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha wakati Marekani inaidhinisha, 29 walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Kwa mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa wa siko seli usiku wa shambulio, hiyo namba haihitaji kupambwa.

Sasa Muhimbili wanaingia wapi? Kundi la wagonjwa lililoanza kufuatiliwa pale mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani ni moja ya makubwa duniani, na mwaka 2011 yeye, Siana Nkya na wenzao wa London walichapisha kazi ya kulinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza, wakaonyesha kwamba BCL11A inafanya kazi hiyo hiyo kwa Watanzania. Mwaka 2014 ikafuata kazi kubwa zaidi ya kupekua vinasaba vyote vya wagonjwa zaidi ya 1,200 wa hapa hapa kutafuta nini kingine kinapandisha himoglobini ya kichanga. Yaani damu ya watu waliopanga foleni kliniki pale Upanga imo kwenye ushahidi kwamba hiyo breki ni ya binadamu wote na siyo ya Wazungu tu. Mtu akisema utafiti wa molekuli si wetu anafuta kazi ya hawa wagonjwa bila kujua.

Kinachoniudhi ni kwamba tumechangia ushahidi halafu dawa ilipopita ikaenda London na Washington, na katika wiki hizo hizo Bahrain na Saudia nao wakaidhinisha, wana hela na wana wagonjwa wengi. Huo ni ukweli mchungu, ila ukiuangalia vizuri unahukumu bei na siasa za dawa, hauhukumu utafiti.

Halafu kuna Oksibraita, au kwa jina la kemikali voksilota. Hii dawa ndo ilichorwa kwa kutazama molekuli, jinsi ambavyo wapenzi wa maabara wangetaka. Wazo lake safi kabisa: nyuzi zinaota himoglobini ikiachia oksijeni, basi tutengeneze kemikali inayoshikilia himoglobini isiachie haraka. Marekani waliipitisha Novemba 2019 kwa njia ya haraka kwa sababu ilipandisha kiwango cha damu, hawakusubiri ithibitike kwamba inapunguza maumivu au vifo. Pfizer walinunua kampuni iliyoitengeneza kwa dola bilioni 5.4 mwaka 2022. Septemba 2024 wakaitoa sokoni dunia nzima, kwa sababu kwenye majaribio ya baadaye, yaliyohusisha wagonjwa wa nchi kama Kenya na Nigeria, walikufa watu wengi kuliko ilivyotegemewa, jaribio moja la watoto lilikuwa na vifo 8 upande wa dawa na 2 upande wa kidonge kitupu. Mpaka hapo majibu ya damu kwenye karatasi yalikuwa mazuri.

Upande wa kwanza wanaichukua hii kama ushindi, wanasema mnaona, molekuli inadanganya. Mimi nasoma tofauti. Molekuli haikudanganya, himoglobini kweli ilishikilia oksijeni, ila kushikilia oksijeni maana yake pia ni kuinyima nyama ya mwili inayoisubiri, na hilo wapo wanasayansi walilionya mapema. Kosa lilikuwa kusoma hatua moja ya seli ukaacha mwili mzima.

Linganisha na haidroksiyurea ilivyoingia huku. Hofu ilikuwa kubwa kwa sababu dawa inashusha chembe nyeupe, watu wakasema mtoto wa Kiafrika ataliwa na malaria na maambukizi. Wakapima kwanza, Kampala, matokeo ya 2017 yakaonyesha malaria haiongezeki. Kisha likaja jaribio la haidroksiyurea linaloitwa REACH, watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yaliyotoka mwisho wa 2018 yalishangaza hata waliokuwa na imani: kwa kila watoto 100 kwa mwaka matukio ya maumivu yalishuka toka 98 hadi 45, malaria toka 47 hadi 23, kuongezewa damu toka 43 hadi 14, vifo toka 3.6 hadi 1.1. Malaria imeshuka nusu kwa dawa ambayo si ya malaria! Hilo ni swali la seli, vimelea vinafanyaje kwenye chembe iliyojaa himoglobini ya kichanga, na mwenye wagonjwa wa kulijibu ni Kilifi na Mbale kuliko Boston. Kumbuka hata uhusiano wa selimundu na malaria uligunduliwa kwetu, Anthony Allison aliyekulia Kenya aliuchapisha 1954 baada ya kuona waliorithi jeni la selimundu kwa mzazi mmoja tu ni wengi pwani na kuzunguka Ziwa Victoria na ni wachache sana nyanda za juu zisizo na malaria.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Hela ya kutibu, ile ya wizara na bima, iende kwenye kupima vichanga na haidroksiyurea, na kwenye kipimo cha picha kamili ya damu maana dawa hii bila kufuatilia damu ni hatari. Casgevy kama ilivyo leo hata ikishuka bei mara kumi bado haitufai kwa wingi, mgonjwa anapigwa busalfani, dawa kali ya kusafisha uboho, anakaa wodini wiki kadhaa bila kinga, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea, jambo ambalo kwa binti wa miaka 14 na familia yake si dogo. Ila hela ya utafiti, hiyo naitetea kwa nguvu zote ibaki kwenye seli na ibaki hapa, kwa sababu kinachofuata ni sindano inayohariri seli shina ndani ya mwili bila busalfani na bila kutoa seli nje, taasisi ya afya ya taifa ya Marekani na mfuko wa Gates walitangaza mwaka 2019 kuweka dola milioni 100 kila mmoja kwa ajili ya tiba za namna hiyo za selimundu na VVU, na Afrika ilitajwa wazi.

Hiyo sindano ikija kujaribiwa itakuja kwetu, wagonjwa wako huku. Nataka siku hiyo awepo mtu wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, au wa Makerere anayejua BCL11A vizuri vya kutosha kumuuliza mwenye dawa maswali magumu. Je, breki ikilegea itagusa na seli za kinga ambako BCL11A nayo ina kazi, mtoto mwenye bandama iliyokwisha kufa kwa selimundu atafanyaje akiumwa malaria wiki ya pili, sampuli zitabaki kwenye friza ya nani, na bei kwa nchi zilizotoa wagonjwa iandikwe kwenye mkataba kabla mtoto wa kwanza hajachomwa.