Matofali ya kufungamana kwa madarasa ya msingi: akiba iko wapi hasa?

Kamati ya shule inapoanza boma la darasa huwa na njia tatu: tofali za kuchoma, tofali za saruji au tofali za kufungamana zilizofyatuliwa kwa udongo na saruji kidogo. Za kuchoma sizitetei. Tanuri hula magogo mengi, tofali za pembeni hutoka mbichi na zilizo jirani na moto hupinda. Ubishi wa kweli ni kati ya hizo nyingine mbili.

Watetezi wa tofali za kufungamana husema zinaokoa saruji. Ni kweli, ila si pale wanapodhani. Chukua mita moja ya mraba ya ukuta. Tofali za sentimita 30 kwa 15 kwa 10 huingia 33. Mfuko wa kilo 50 hutoa kama 90 ukichanganya kwa asilimia 6, kwa hiyo umetumia kilo 18 za saruji. Tofali za saruji za inchi 6 huingia 9, na kama mfuko unatoa 30, ni kilo 15 tu. Mpaka hapo udongo umeshindwa! Hesabu hugeuka ukiongeza mahitaji mengine ya ukuta wa tofali za saruji: mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kushikisha tofali), kama kilo 5, na lipu ya pande mbili, kama kilo 9. Tofali la kufungamana hukalia jingine bila mota, na likitoka safi halihitaji lipu. Basi ni kilo 18 dhidi ya 29. Kamati ikisema ukuta bila lipu unaonekana haujaisha na kuupiga lipu, inafika 27, na akiba karibu yote imepotea.

Watetezi wa tofali za saruji wana hoja nzito pia. Darasa la mita 9 kwa 7, ukitoa milango na madirisha, lina ukuta wa kama mita za mraba 76, yaani tofali zaidi ya 2,500. Mashine moja ya mkono ikifyatua 300 kwa siku, ni siku 8 au 9, kisha tofali zisubiri siku 28 zikomae. Fedha ikiingia Aprili na mwaka wa serikali unafungwa Juni 30, hakuna fundi anayetaka kusubiri. Tofali za saruji zinapatikana dukani zikiwa zimekomaa, na kila fundi anazijua.

Halafu kuna udongo wenyewe. Kipimo chake ni rahisi: kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, ujaze udongo uliolowa, uache ukauke kabisa, upime ulivyosinyaa. Chini ya milimita 15, changanya saruji 1 kwa udongo 18. Kati ya 45 na 60, ni 1 kwa 12. Ukizidi hapo tafuta udongo mwingine. Udongo mweusi wa mbuga hufeli kabisa, na shule iliyo juu yake inafanya vyema kununua tofali za saruji kuliko kusomba udongo kutoka mbali kwa lori.

Kazi huharibika zaidi kwenye usimamizi. Vijana huchanganya lundo kubwa asubuhi na kulifyatua hadi mchana, saruji ikiwa imeshaanza kushika. Changanya kinachoisha ndani ya saa moja. Tofali huanikwa juani zikapasuka, wakati zinatakiwa kufunikwa nailoni na kumwagiwa maji siku 7. Na udongo ukitiwa kwenye mashine kwa koleo badala ya kopo la kipimo, tofali moja hupishana na jingine milimita 2 au 3 kwa urefu wa kwenda juu. Kwenye kozi (safu ya tofali) ya tatu huoni kitu. Kwenye ya ishirini ukuta umeyumba, na fundi anaanza kuziba kwa mota ile ile iliyokusudiwa kuokolewa.

Ninachosisitiza ni kwamba joto la darasa halitokani hasa na tofali. Linatoka kwenye bati. Shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, aliyoibuni msanifu majengo Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001, hutajwa sana kwa tofali zake za udongo. Lakini dari yake ni ya tofali zilizopangwa juu ya vyuma, na bati limeinuliwa juu yake kwa kenchi za nondo, hewa ipite katikati na kuondoka na joto. Dari nzito hupunguza pia kelele za mvua, ambazo chini ya bati tupu humzima mwalimu.

Kwa hiyo, udongo ukifaulu kipimo na shule kadhaa zikishirikiana mashine, fyatueni, jengeni juu ya msingi wa mawe ulioinuka angalau sentimita 30, na acheni ukuta bila lipu. Akiba ya kilo 11 za saruji kwa mita ya mraba ni kama mifuko 16 kwa darasa. Hailipi dari nzima, lakini inasaidia kurefusha paa lizidi ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, ili mvua isile tofali za chini. Vinginevyo jengeni kwa saruji bila aibu. Kwa vyovyote kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na matundu ya hewa yawe juu ya dari pande zote mbili. Yafungwe wavu wa chuma tangu siku ya kwanza, kwa sababu popo wakishaingia kinyesi chao huozesha singibodi (mbao za dari), na mafundi wakiitwa huyaziba matundu kwa zege.