Tasnifu ya milango ya Zanzibar ianzie kwenye mbao

Mapendekezo mengi ya utafiti wa uzamili kuhusu milango ya nakshi ya Mji Mkongwe hukimbilia maana: samaki ni uzazi, mnyororo ni utumwa, au ni ulinzi, inategemea unamuuliza nani. Ndiyo hayo hayo wanayosimuliwa watalii, na ni nadra kukuta nyuma yake neno la fundi au la aliyeagiza mlango. Sura ya maana iandikwe mwisho. Ikikosa ushahidi, iachwe.

Milango 30 au 40 ya mitaa inayopakana inatosha, hata msimamizi akiguna. Kila mlango upewe namba na fomu yake, na kila kipande kipimwe peke yake kwa milimita: kizingiti cha juu, miimo miwili, mbao mbili za kufungulia, mfaa (nguzo ya katikati zinapokutana mbao hizo). Usumbufu huu una sababu. Milango hii imeuzwa, imehamishwa na kupunguzwa, kwa hiyo vipande vya mlango mmoja huenda havilingani umri. Tazama chini ya mwimo: ua lililokatwa nusu lina habari. Vivyo hivyo matundu ya njumu (vichwa vya chuma vya mapambo) yaliyozibwa, au bawaba za chuma kwenye ubao ulioundwa uzunguke kwa ncha zake wenyewe, juu na chini. Ukiona dalili hizo, mwaka uliochongwa kwenye kizingiti ni wa kizingiti tu, si wa nyumba.

Na huo mwaka wenyewe una mitego. Ni wa Hijria, tena kwa tarakimu za Kiarabu, ambazo tano yake ni kiduara na sifuri ni nukta. Vanishi ikipakwa mara kwa mara hujaza kiduara, na 1305 ikasomeka 1300. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, Sultani Barghash akiwa bado madarakani. 1305 ulianza Septemba 1887, na Machi 1888 Barghash akafariki. Tarakimu moja imekuhamisha hadi ukingoni mwa utawala mwingine! Mbili na tatu nazo hutofautiana kwa jino moja tu, na jino huvunjika. Hivyo piga picha usiku, taa ukiilaza pembeni karibu na ubao ili vivuli vionyeshe kina cha mchongo. Picha ya jua la mchana hufuta kila kitu. Weka rula ndani ya fremu. Halafu andika miaka miwili ya Miladia, kwa mfano 1887/88, maana mwaka wa Hijria kwa kawaida hukatiza miwili.

Umbo la juu la mlango ni ushahidi dhaifu wa umri. Upinde huhusishwa na athari za Kihindi za mwisho wa karne ya 19, lakini karakana za leo huchonga wa upinde na ulionyooka vilevile.

Majina yaliyochongwa yalinganishwe na hati za wakfu katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) peke yake hakitoshi; anza kuomba mapema. Mwenye nyumba naye apigiwe hodi kabla kamera haijatolewa. Akiombwa kwa adabu huenda akakuonyesha upande wa ndani, ambako viraka vya seremala mara nyingi havikufichwa kwa rangi.