DDC Kariakoo ile ya enzi zetu

Asante mwandishi kwa kutukumbusha kumbi za dansi za Dar maana wengi mmezisahau. Mimi ni mtu wa bendi ya Sikinde damu, wale jamaa walianza 1978 pale Mlimani Park karibu na chuo kikuu, sisi tukawafuata mpaka ukumbi wa DDC Kariakoo na hatukukosa. Watu wa Msondo, bendi ya wapinzani wetu, walikuwa wabishi kweli. Na mwimbaji wetu Gurumo alipotuacha 1985 akaenda bendi ya Safari Sound nililala na njaa siku hiyo. Na bendi ya Maquis je, kule ukumbi wa White House Ubungo, suti zao zile jamani! Sasa santuri zilikuwa zinachapwa Nairobi huku kwetu hakuna kiwanda, kwa hiyo mwenzangu unaenda kwa fundi wa kurekodi na kaseti yako tupu, Tisini, yaani ya dakika tisini, unampa majina ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari, unarudi kesho yake ameshakuandikia kwa kalamu nyekundu upande A upande B. Ninayo moja mpaka leo, imeshalegea, naikaza utepe kwa penseli, lakini tarumbeta zikiingia pale mwanzoni mwili wote unasisimka.