Kalafati si kuziba

Wiki iliyopita nilikuwa Matondoni, hapa kisiwani Lamu, mashua ya mjomba wangu ikiwa juu ya magogo. Mgeni mmoja akamuuliza mjukuu wa mjomba: babu yako anafanya nini pale? Kijana akajibu, "Anaziba matundu."

Mzee akaiweka nyundo chini. "Matundu huzibwa ya ndoo, mjukuu wangu. Chombo hukalafatiwa."

Niko upande wa mzee. Kuziba ni kwa kitu kilichotoboka. Kalafati hutiwa hata chombo kikiwa kipya, hakijaonja maji bado: baina ya ubao na ubao hushindiliwa pamba iliyorowekwa mafuta, kwa chembeu, ile patasi ya kalafati, na nyundo, shibiri baada ya shibiri. Chombo kikishushwa, mbao hunywa maji, hufura, zikaikaba ile pamba. Ukitia pamba haba, maji yanaingia. Ukishindilia mno, mbao zinaachana. Kipimo chenyewe kiko sikioni, maana nyundo hubadili mlio pamba inapokaa.

Na neno lenyewe? Malindi nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba tuliachiwa na Mreno, kwa kuwa naye anasema calafate. Mreno ametuachia meza, bendera na gereza, sikatai. Lakini Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na neno hili tayari lilikuwa zee. Mfalme Mikaeli wa Tano wa Constantinople, aliyetawala kuanzia 1041 hadi 1042, alibandikwa jina la Kalaphates kwa sababu baba yake aliwahi kuwa fundi wa kazi hiyo. Walikusudia kumtweza, eti mtoto wa fundi! Huku kwetu angeulizwa tu baba yake alijifunzia kwa nani.

Waturuki husema kalafat, Waarabu qalfata. Mimi namshika Mwarabu, kwa sababu ya majirani wa neno hili: jahazi, rubani, dira, na deheni tunayopaka chini ya chombo, mafuta na chokaa. Yote hayo ni ya Kiarabu. Kwa nini hili moja limsubiri Mreno?

Mashua itashushwa bamvua lijalo, maji yakijaa sana. Kijana amepewa kazi ya kuroweka pamba, na mikono yake inanuka sifa, yale mafuta ya samaki, hadi kwenye daftari za shule. Mama yake analalamika. Mjomba hasemi kitu.